Kosa Nililomtia Baba Yako Mdomoni

Kigombe, baada ya sala ya adhuhuri

Hatibu,

Salamu zitakuja mwisho, kama zitabaki. Kwanza nikugombeze.

Ramadhani mbili zimepita na Idi zake zote, nawe uko hapo Usagara kwa baba yako mdogo, mwendo wa nusu siku kwa baisikeli, na hujakanyaga Kigombe. Una miguu miwili mizima, na katika nyumba hii hilo si jambo dogo. Sasa nasikia kwa muuza samaki kwamba kesho asubuhi unapanda treni kwenda Moshi kuwa mkalimani wa korti. Kwa muuza samaki, Hatibu! Mtu amesimama mlangoni kwangu, tenga linavuja, ananiambia, "Hongera bibi, mjukuu kapata kazi kubwa," nami naitikia, "Ahsante baba, ahsante," kama niliyejua zamani, huku mkono unatafuta kitu cha kukurushia wewe.

Tangu ulipokuwa hujui kufunga kaptura nakuita mume wangu, nawe unaniringia, unasema ukikua utaninunulia kanga doti kumi. Mume gani anasafiri bila kumuaga mkewe? Talaka yangu iko wapi basi, niitundike ukutani?

Mwandiko huu unaujua. Ni wa baba yako. Maneno ni yangu, mkono ni wake. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Ningeweza kumwita mtu mwingine aniandikie, wapo. Nimemtaka yeye, kwa kuwa habari ninayokupa ni yake, na nataka aisikie ikitoka kinywani mwangu kabla wewe hujaisoma. Amekaa kwenye kiti cha kamba, ubao ameulaza juu ya paja lake zima, na ameshaanza kukunja uso. Akunje. Muuza samaki anarudi mjini kabla ya magharibi na barua hii atakuletea yeye, kwa hiyo sina nafasi ya kuzunguka.

Sikwambii ule nini huko wala ulale wapi. Moshi kuna baridi. Utatetemeka, utanunua sweta, utajua. Hayo hayana haja ya barua.

Ninachokijua ni kwamba hukuacha kuja kwa ajili ya kazi wala masomo. Umeacha kuja kwa sababu humtaki baba yako. Ulimwambia baba yako mdogo, na maneno yamenifikia kama ulivyoyasema: "Mtu aliyejifunga mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya jaji, mimi nikamtazame nini?"

Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia, "Bakari, andika." Akasema, "Mama, hilo liache, mtoto anasafiri." Nikasema, "Andika kama nilivyosema." Ameandika.

Sasa sikiliza. Mguu unaukumbuka, lakini habari yake huijui. Ulikuwa na miaka kumi, na habari uliyopewa ulipewa na mimi.

Baba yako alikuwa akichukua samaki hapa alfajiri na kuwapeleka Ngamiani kwa baisikeli. Pale karibu na soko kuna ghala, na ng'ambo ya ghala kuna ukuta, na wachuuzi wote wa samaki huegemeza baisikeli zao kwenye ukuta ule wakifungua matenga. Hata leo wanaegemeza, nenda kesho kabla ya treni ukaone. Siku hiyo lori la mkonge likatoka ghalani kinyumenyume. Utingo, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma na kupiga kelele, alikuwa amekwenda kunywa kahawa. Dereva hakutazama. Baba yako alikuwa ameinama anafungua kamba, mgongo kaupa barabara. Lori likambana mguu na ukuta, likasimama, dereva akasikia kelele, akadhani kakanyaga jiwe, akasukuma tena.

Hospitali walimkata juu ya goti. Nilipofika alikuwa anauliza samaki wako wapi.

Baba yako anasema hakuuliza samaki, aliuliza baisikeli. Haya, baisikeli.

Siku ya arubaini hivi tangu arudi nyumbani, mwenye lori akaja hapa. Tajiri yule wa malori, mtu ambaye katika maisha yangu nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, ndani ya gari. Alikuja na wazee watatu wa mjini, watu wa vilemba, na gunia la mchele, na sukari, na kijana mmoja wa suruali aliyeshika kidaftari. Walivua viatu mlangoni kwangu. Wakakaa juu ya mkeka wangu, Hatibu, huu huu wa viraka. Mzee mmoja akasema, "Mama, tumekuja kwa miguu yetu kuomba radhi. Kijana wetu amekosa, na kosa la dereva ni la mwenye gari. Tumekosa."

Wewe umekulia shule, sijui kama bado unayajua haya. Mgeni akikuingilia ndani akasema amekosa, humwachi na kosa lake peke yake. Unashika upande wa pili, kama unavyomsaidia mtu kutua mzigo. Unasema, nasi tumekosa. Ukimwachia lote, ni kama umemvua nguo sebuleni kwako. Hivyo nilivyolelewa, na mama yangu hivyo hivyo. Hakuna mtu katika pwani hii anayesikia maneno yale akadhani unatoa ushahidi.

Nisijisingizie uungwana mtupu lakini. Nilipenda kuonekana. Majirani walikuwa wamejaa uani wakichungulia, na tajiri amekaa kwangu, magoti yake yanagusa ubao wa mbuzi ninaokunia nazi. Nilitaka atoke hapa akasema, nyumba ile ni maskini lakini ni watu.

Basi nikasema, "Nasi tumekosa, baba." Wale wazee wakageuka kumtazama mgonjwa, wangoje na lake. Baba yako alikuwa amelala kitandani pale pembeni, macho dari. Akasema polepole, "Mama, mimi sikukosa. Nilisimama ukutani tunaposimama wote."

Uso ukanipasuka kwa haya. Nikasogea kitandani kama ninayemtengeneza shuka. Nikaingiza mkono ndani ya shuka. Nikambana palepale juu ya kigutu, kwa vidole viwili, kidonda hakijafunga. Nikamwambia chinichini, "Sema."

Akasema, "Nami nilikosa. Nilisimama pabaya."

Wazee wakaitikia dua. Yule wa kidaftari akaandika. Nilidhani anaandika majina ya watu wa kuombewa.

Kalamu imesimama tena, na safari hii imesimama sana. Baba yako ananiambia kitu ambacho katika miaka yote hii hajapata kuniambia. Anasema siku ile alidhani nimeteleza. Alidhani nilikuwa navuta shuka, mkono ukaangukia pale kwa bahati mbaya, na kwamba alisema yale maneno kwa heshima yangu, si kwa maumivu. Miaka minane amekaa na kuteleza kwangu.

Sikuteleza, Bakari. Andika: sikuteleza.

Ameandika.

Nimempa maji, amekunywa. Tuendelee.

Mama yako alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Wageni walipoondoka akatoka, hata mchele hakuutazama. Akaniambia, "Mama, mgonjwa kasema hakukosa, mbona unamkosesha kwa nguvu?" Nikamjibu jibu ambalo mwanamke hamwambii mkwewe mbele ya majirani. Nilimwambia, "Wewe huko Pangani mlizaliwa vichakani, wageni hamkupata kuwaona?" Wakacheka wale waliobaki uani. Nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Yeye ndiye aliyekwenda kwa wakili. Alivua hereni zake za dhahabu masikioni, zile za harusi, akaziuza, akapanda gari mpaka mjini peke yake. Aliporudi akatuambia kuna njia ya kumdai mwenye lori fidia, si radhi, fidia, na wakili wa Kihindi amekubali kuisimamia kesi. Mimi nilinuna. Nilisema mchele wake tumekula, na sasa tunamshitaki? Baba yako akasema, "Mama, mchele umekwisha, na mguu haujarudi." Basi nikarudi jikoni.

Wakili akaja mpaka hapa Kigombe. Mtu mfupi, mpole, alikaa kwenye ngazi kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Akatueleza sheria, na mama yako ndiye aliyekuwa akiuliza.

"Bakari ndiye anayedai," akasema, "kwa hiyo Bakari ndiye wa kuonyesha kuwa dereva alikosa. Haitoshi kwamba mguu haupo. Mguu hata jaji atauona haupo. Aonyeshe kosa la dereva. Hilo tunalo, muuza kahawa wa pale ameona lori likirudi bila mtu nyuma, na amekubali kusema. Lakini kuna la pili. Bakari mwenyewe awe hana kosa. Wakimkuta na kosa lolote lililochangia, hapati kitu."

"Hata nusu?" mama yako akauliza.

"Hata robo, mama. Hata mguu wa kuku."

Nilimwelewa kwa akili yangu ya jikoni. Tone moja la mafuta ya taa likiingia mtungini unamwaga maji yote, hutafuti upande ulio safi.

Kisha akauliza, akatutazama mmoja mmoja: "Je, Bakari amepata kumwambia mtu yeyote neno lolote kuhusu ajali hii?" Nami nikawahi kujibu. Nikasema, "Hakuna." Wallahi sikudanganya kwa kukusudia. Yale ya sebuleni sikuyahesabu kuwa maneno. Ni kama angeniuliza kuna mtu kala, nikamtajia aliyeonja chumvi? Baba yako alikuwa na homa, amelala. Mama yako akanitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nadhani alikwishachoka kutukanwa.

Mimi kortini sikuwa nimepata kuingia. Nilivaa buibui langu jipya, nikakaa benchi la nyuma. Muuza kahawa alisema vizuri, hakuyumba. Utingo alijaribu kusema alikuwepo, akaulizwa kikombe cha kahawa alikirudisha saa ngapi, watu wakacheka. Nikaona mambo yanakwenda. Baba yako akaapishwa kwa Msahafu, akaeleza, na mkalimani akawa anamgeuzia jaji Mzungu neno kwa neno. Kijana mwembamba, nywele kazipasua njia upande mmoja, viatu vinang'aa. Nilimpenda. Nilisema moyoni, Hatibu wangu akikua awe hivi.

Ndipo wakili wa tajiri akasimama na kile kidaftari.

"Bakari, siku fulani walikuja wazee nyumbani kwenu kukupa pole. Ni kweli?"

"Kweli."

"Uliwaambia, 'Nami nilikosa, nilisimama pabaya.' Ulisema, hukusema?"

Baba yako akakitazama kidaftari. Jaji akasema kitu, mkalimani akasema, "Unatakiwa ujibu."

"Nilisema."

"Ulikuwa unawadanganya wale wazee?"

Baba yako akahamisha gongo kwapani.

"Nakuuliza kwa sababu kuna mawili tu. Ama ulisema kweli, basi ulikosa. Ama ulisema uongo mbele ya watu wazima walioomba dua nawe, basi wewe ni mwongo, na hata leo hatujui unasema nini. Chagua mwenyewe."

Wakili wetu aliinuka akapinga, akaambiwa akae. Baba yako aligeuka akanitafuta kule nyuma. Alinitazama kidogo tu. Angeweza kusema, mama yangu alinilazimisha. Maneno matatu. Akageuka akasema, "Sikuwadanganya."

Mkalimani akayasema kwa Kizungu. Hakuongeza, hakupunguza. Watu wanaojua lugha waliniambia baadaye, yule kijana hakukosea hata kidogo. Ningependa angekuwa mjinga.

Wakapumzika kidogo. Wakili wetu akanijia mbio pale benchini, jasho linamtiririka, akachuchumaa mbele yangu kama mtoto. "Bibi, mkewe amenieleza yote sasa hivi, ni wewe tu uliyebaki. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, hakumwona aliyesema, watamrarua. Wewe ulikuwepo. Ingia useme tajiri na wazee wake walisema wamekosa wao kwanza, na kwamba wewe ndiye uliyemlazimisha Bakari aseme vile. Sema tu ilivyokuwa. Nitaomba uitwe sasa hivi."

Kule mbele wale wazee watatu wa vilemba walikuwa wamekaa upande wa tajiri. Mmoja akaniinamishia kichwa, kwa heshima. Nikafikiri, nisimame mbele ya hawa, mbele ya Mzungu, niseme radhi niliyowapa nyumbani kwangu ilikuwa ya uongo? Niseme nilimbana mwanangu kidonda ili nionekane mstaarabu? Kigombe nzima ijue?

Nikamwambia wakili, "Mimi sijui lolote. Nilikuwa jikoni."

Mama yako alikuwa amekaa ubavuni pangu. Alisema kwa sauti, watu wote wakageuka, "Mama! Wewe ulikuwepo! Kaseme!" Askari akaja akamtoa nje kwa kupiga kelele kortini. Mimi nikabaki nimekaa, mikono magotini, kama mtu anayengoja gari.

Hukumu ilisomwa siku nyingine na mkalimani yule yule akatusomea. "Jaji anasema dereva alifanya uzembe. Jaji anasema hilo limeonekana wazi." Mama yako akanishika mkono. Siku ile alinishika, alijisahau kwa furaha. "Lakini mdai mwenyewe amekiri kwamba alisimama mahali pabaya, na hakuna aliyekuja kusema vinginevyo. Mwenye sehemu katika kosa hana dai. Dai limetupwa."

Hakuna aliyekuja kusema vinginevyo. Huyo hakuna ni mimi.

Nje tajiri akanifuata, akanipa mikono miwili, uso wa huruma hasa. "Bibi, kadari." Nami nikamjibu, "Kadari, baba." Bado namwona akipanda gari lake, ametulia, mtu mwema.

Mama yako aliondoka baada ya mwezi. Wewe uliambiwa ameondoka kwa kuwa hakutaka mume wa mguu mmoja. Uongo, na mtungaji ni mimi. Alimwambia baba yako, "Siwezi kula chakula kilichopikwa na mkono ule. Ama tuhame tukapange mjini, ama niache." Baba yako akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake. Akamwacha mama yako. Mara ya pili alinichagua mimi, na mara ya pili mimi nikaona ni haki yangu.

Halafu watu wakaanza kuuliza, kesi ile ilikuwaje, mlikuwa na shahidi na kila kitu? Ningesema nini? Nikasema, "Alijitakia. Kaulizwa, kakiri mwenyewe. Ningefanyaje?" Nilisema kisimani, nilisema msibani, nilisema kwako. Watoto wa hapa hawakuchelewa. Wakampa jina. "Nilikosaaa! Nilikosa huyo, kaupisha mguu lori!" Akipita kwa magongo kwenda msikitini wanamfuata wanaruka kwa mguu mmoja. Na yeye anatembea tu.

Anasema niseme kwamba si wote waliruka. Haya. Si wote.

Nawe, mume wangu. Idi ile, una miaka kumi na miwili. Alikuwa amesuka madema ya kuvulia samaki usiku na mchana apate kukununulia kanzu, akapata kanzu, kofia haikupatikana. Akakwambia, "Mwanangu, kofia mwaka huu hapana." Ukamjibu, "Ndiyo, Bwana Nilikosa."

Mimi nilikuwa namenya vitunguu, nikasikia. Na nilicheka, Hatibu. Kicheko kilinitoka kabla sijakijua. Yeye aliinamia dema lake akaendelea kusuka, na wewe ukanitazama mimi, ukaona nimecheka, ukajua inaruhusiwa. Toka siku hiyo hukumwita baba tena. Usidhani sikuhesabu.

Sikwambii haya kwa kuwa nimekuwa mtu mwema uzeeni. Sijawa. Nakwambia kwa sababu ya hiyo kazi yako. Utakaa kila siku ubavuni mwa watu waliovunjika na kukatwa, unawageuzia maneno yao. Atakuja Mchaga, atakuja Mpare, atakuja mtu wa kwetu aliyepotea huko, atasema "nilikosa," nawe utamdharau moyoni, utasema huyu naye mjinga kama babangu. Nataka ujue ulichokuwa ukikidharau. Baba yako hakukosa barabarani, hakukosa kitandani, hakukosa kortini. Aliambiwa achague kuitwa mwongo au mwenye kosa, akachukua kosa, ili mimi nisisimamishwe. Akabaki nalo miaka yote bila kukuonyesha hata siku moja ulipokuwa ukimtemea.

Ukalimani sikufundishi. Usiongeze neno la mtu, watakufunga na itakuwa halali yao. Lakini macho hukukatazwa. Ukimwona mtu anasema nilikosa huku anamtafuta mtu mwingine benchi la nyuma, mtazame huyo wa nyuma. Kama kuna njia ya kumwambia jaji kwamba aliyekiri aulizwe tena, mwambie. Kama hakuna, sijui. Mimi korti siijui. Naijua sebule, na sebule ndiyo iliyomkata mwanangu mara ya pili.

Yule wakili alipita hapa karibuni akienda Pangani, amezeeka. Alisimamisha gari akamsalimu baba yako. Akasema sheria imelegezwa miaka hii, siku hizi kosa linagawanywa, mwenye robo ya kosa anakatwa robo, kinachobaki anapewa. Nikamuuliza, "Na za nyuma?" Akasema, "Za nyuma zimekwisha, bibi." Baba yako akamwambia ahsante kwa habari. Kisha akamfungulia nazi akanywa. Mimi nilikwenda uani nikapiga kichwa ukutani, na nilikipiga polepole, maana hata hapo niliogopa majirani wasisikie.

Muuza samaki amekuja, anapiga kengele ya baisikeli. Nimemwambia angoje. Amesema giza. Nimemwambia giza haliumi.

Baba yako anataka niseme kwamba hana kinyongo na wewe, na uvae viatu vikavu. Ameandika mwenyewe hilo la viatu, mimi sikulisema. Muone mtu huyu.

Salamu zimebaki kidogo, chukua. Nakupenda wewe mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia zote za sokoni. Nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukakubali umbo lako. Radhi sikuombi, maana umeona nilivyozitumia nilizokuwa nazo.

Likizo ya kwanza utakayopewa, shuka stesheni Tanga, usipite Usagara, njoo moja kwa moja huku. Mlangoni utaniona nimekaa. Nipite. Usinipe shikamoo, hata nikikutazama, hata nikikuita mume wangu. Ingia ndani kwa baba yako, mpe yeye shikamoo, kaa chini, umuulize siku ile alisimama wapi, naye akuonyeshe kwa mkono wake mpaka umwelewe. Ukishamwelewa, muulize kama una ruhusa ya kutoka nje kunisalimu. Akisema ndiyo, toka. Akisema hapana, kunywa chai yako, lala, na asubuhi uondokee mlango wa uani.

Bibi yako,
Mwanakombo